Ukindu Mwekundu wa Bi Mize

Nimekosa! Sitafuti pa kujificha, ila jina langu niachieni.

Mimi mtu wa kujijenga. Chuo cha Kurani niliishia juzuu ya Amma, lakini Jang'ombe nzima nani asiyeijua nyumba yangu ya mawe? Kaa ninaowauza ndio walioijenga!

Pale Shangani alifikia mtaalamu mgeni, akichunguza tezi ya kaa, kitu kama punje ya mtama. Akiikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaitia kwenye darubini. Siku moja akaniita nitazame. Subhanallah! Vijumba vimebanana kama sega la nyuki. Akanieleza: kaa akikaribia kujivua gamba, vijumba vile huvimba, maana ndimo yatokamo maji ya kumwamuru ajivue. Akishajivua, hunywea. Kwa hivyo alitaka nimletee kaa wa namna zote mbili, wasichanganywe.

Mjuzi wa kuwatenga alikuwa Bi Mize wa Chwaka, mjane. Humpapasa kaa mguu wa nyuma tu, akajua. Waliokaribia kujivua aliwafunga ukindu mwekundu, waliokwisha kujivua mweupe.

Safari moja, njiani nikiwapeleka kwa mtaalamu, pakacha likapasuka, ukindu ukafunguka. Nikasema kaa ni kaa, mimi nshauza kaa miaka ishirini! Nikafunga upya kwa kubahatisha.

Siku ya tatu mtaalamu akaniita, uso umemkunjika.

"Wa ukindu mwekundu vijumba vimenywea, wa mweupe vimevimba. Nani kakosea?"

Ulimi wangu huu! "Bibi yule kazeeka, Bwana. Haoni tena."

Akanituma nikamwachishe kazi. Wachokoa kaa wenzake wakamcheka mbele yangu: "Bi Mize, kashike mwiko, kaa huwawezi tena!"

Yeye akanitazama. "Mwanangu, kaa nnawajua kuliko sura yangu. Ntamchagulia wengine, aone mwenyewe."

Hapo ndipo pa kusema. Nikanyamaza!

Kesho yake akaingia mikokoni peke yake, na maji ya bamvua yanajaa. Jioni walimwopoa maiti. Pakacha lake alikuwa kalifunga juu ya tawi: kaa sita, watatu wa ukindu mwekundu, watatu mweupe.

Nikampelekea mtaalamu. Akawapasua, akatazama mmoja mmoja, kisha akanisogezea darubini. Bi Mize hakukosea hata mmoja!

Chwaka mpaka leo wanasema Bi Mize aliuliwa na uzee wa macho. Uongo! Macho yake yalikuwa mazima. Aliyemuua ni mimi.

Nanyi mnaojiona mnajua kila kitu: ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwenzio hajaingia majini kutafuta ushahidi ulioufumbata wewe mdomoni.