Kisigino kilivyonishusha Uluguru: mimi tarishi wa enzi za Mdachi

Wakuu, habari za humu ndani.

Wakubwa shikamooni, ingawa kwa umri wangu nadhani wote humu mngepaswa kuniamkia mimi. Nilikuwa tarishi wa barua pale Morogoro enzi za Mdachi. Msiniulize simu nimeipata wapi, wala huku niliko tunatumia mtandao gani. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite kimya kimya. Chumvi sitaongeza hata punje.

Nimekuwa nasoma nyuzi zenu za mbio. Mnapost viatu, mnapost saa za mkononi, mtu kakimbia asubuhi moja kutoka Msamvu mpaka Bigwa anatuma picha kumi. Safi sana. Ila kila nikikuta mtu kaandika "kisigino kinauma kidogo ila nakomaa nacho hivyo hivyo", naumia mimi.

Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ni uzi wa huzuni, anayetafuta motisha aende nyuzi nyingine.

Twende.

Kazi ya tarishi ilikuwa hivi. Unafika bomani alfajiri, unapewa mfuko wa barua, unaufunga mgongoni, unakimbia. Hakuna viatu. Tulikwenda wawili wawili kwa sababu ya wanyama wakali, na tulikuwa na sheria moja: mfuko haumsubiri mtu. Mmoja akianguka, mwenzake anauchukua anaendelea. Utarudi kumtafuta ukishaufikisha.

Mwenzangu alikuwa Mrisho, mtu wa Dakawa, mrefu, mwembamba, mdomo hautulii. Njia yetu ilikuwa kutoka bomani hadi Mlali kwa tambarare, kisha kupanda Mgeta kwa mapadri, kisha kurudi.

Mimi ni Mluguru. Kwetu ardhi inashikwa na ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo nilipomuoa Mwanaidi nikahamia kwao, Mbete, juu ya mji. Tulijenga juu kabisa, kwenye mashamba ya ukoo wake. Ukifungua mlango asubuhi unauona mji wote chini, na mawingu yanapita usawa wa kizingiti. Nilipapenda pale mahali, wakuu. Nikikaa nje na mke wangu jioni tunamenya maharage, sikuwa natamani kitu kingine chochote.

Basi bwana, reli ikafika Morogoro.

Barua za kwenda pwani zikaanza kupanda gari moshi, na matarishi tukawa wengi kuliko kazi. Bomani wakasema watabakizwa wachache tu, wa njia za milimani. Watakaoachwa watapelekwa kujenga reli mbele huko, kupita Kilosa. Waliotangulia kupelekwa tulikuwa tunawasikia kwa habari tu. Fulani kafa kwa kuhara, fulani kaangukiwa na chuma. Hakuna niliyemuona amerudi.

Mwanaidi alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza.

Shaushi wetu, yaani askari mkubwa aliyetusimamia, akatangaza kwamba baada ya mavuno kutakuwa na mbio za kuchagua. Kila jozi itapewa mfuko wa kwenda Mgeta na kurudi na majibu ya padri. Jozi zitakazotangulia zinabaki. Nyingine, reli.

Hapo ndipo nilipoanza training kama kichaa.

Na hapo ndipo kisigino kilipoanza.

Siyo kisigino chenyewe hasa, ni ule mshipa mnene unaopanda kutoka kisigino kwenda kwenye shavu la mguu. Wa kushoto. Nikiamka natembea kama bata, natafuta ukuta wa kushika. Lakini nikishakimbia kidogo mguu ukipata moto, maumivu yanaondoka kabisa! Nasema kabisa. Nikipumzika tu, yanarudi na wenzake.

Walio na injury hii humu wananielewa. Ule ulaini wa katikati ya mbio ndio unaokudanganya.

Nikamwambia Mrisho. Akaacha utani wake, akauminya ule mshipa, nikaruka.

"Salumu, huu umevimba. Kwetu Dakawa mguu ukiwa hivi mtu analala ndani mpaka upone."

Nikamcheka. Nikamwambia ninyi watu wa mbugani mnapenda kulala.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kitu, maana bila hiki hamtaelewa nilivyojimaliza. Sisi watu wa mlimani wakati ule tulikuwa na imani yetu kuhusu miguu. Ugonjwa wa mguu unatoka tambarare. Mtu akikaa sana chini, mishipa inalegea na kuoza kama kamba iliyosahaulika kwenye maji. Dawa yake ni kupanda. Mzee akiumwa magoti anaambiwa apande, mwanamke akitoka uzazini anapandishwa taratibu ili miguu irudi. Tumeyakuta hivyo, tukakua hivyo, na watu walikuwa wanapona. Au labda walikuwa wanapona wenyewe, sijui.

Nikaenda kwa mjomba, kaka yake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtu. Baba anakuzaa, lakini la kufanya unaambiwa na mjomba, na akishasema amesema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unakanyagia pembeni?"

Nikamwonyesha. Akapapasa, akanichanja chale ndogo kuzunguka kifundo, akapaka majivu ya dawa. Kisha akasema:

"Ni hiyo njia yenu ya Mlali. Tambarare imekuingia mguuni. Panda, Salumu. Kila siku panda, na mzigo juu. Mlima utaunyoosha huo mshipa."

Mjomba alinipenda jamani, sitaki mtu amtukane kwenye comments. Alitaka nibaki kama nilivyotaka mimi.

Nikapanda.

Siku nisizokuwa na safari ya boma, nashuka mtoni, najaza mchanga kwenye mfuko, naufunga mgongoni, napanda njia ya Bondwa kwa mbio mpaka msitu unapoanza. Nashuka, napanda tena. Kwa vidole, kisigino hakigusi chini. Yaani ule mshipa uliokuwa unaniomba niuache, ndio nilioutwisha mlima mzima.

Na kweli nikipanda unalainika. Nikawa namwambia mke wangu, unaona? Mjomba kasema kweli.

Mwanaidi haoni. Yeye anaona asubuhi, ninavyotoka kitandani kwa kutambaa.

"Baba," ndivyo alivyokuwa ananiita tangu apate mimba, "pumzika hata mpaka mwezi uandame. Nenda kamwambie shaushi unaumwa."

Nikaenda. Msidhani sikwenda. Shaushi akanitazama mguu, akaniuliza kama nauona ule ukuta wa boma. Nikasema nauona. Akasema nyuma yake kuna mtu anakula viboko hamsa ishirini kwa kujifanya anaumwa, kama nataka nikamsaidie. Nikapiga saluti nikaondoka.

Nirudi nikalale? Nikilala, siku ya mbio sina pumzi, nakwenda reli. Nikikimbia, mguu unaisha. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe njiani nalia peke yangu, mtu mzima, kisha nanyanyuka napanda tena kwa sababu kupanda ndiko kulikokuwa dawa.

Siku ikafika.

Tukatoka bomani jozi zote pamoja, vumbi limetanda. Mshipa ukauma mpaka tunaipita mitaa ya mwisho ya mji, kisha ukalainika kama kawaida yake. Mlali tukafika tuko mbele na jozi nyingine moja. Mrisho anaimba! Kuanza kupanda Mgeta nikamwambia sasa nifuate mimi, hapa ni kwetu. Nikapanda kama nasukumwa. Tukafika misheni wa kwanza. Padri akatupa maji na majibu yake, tukageuka.

Wakuu, nilikuwa nimeshabaki. Kichwani nilikuwa nimeshafika Mbete, naona mlango wangu.

Tukashuka nusu ya mlima. Kulikuwa na kijito chembamba kinakata njia, kitu cha mtoto kuruka. Nikaruka, nikatua kwa mguu wa kushoto.

Nikasikia mlio. Kavu, kama muwa umevunjwa gotini. Nikageuka nyuma nione nani kanipiga na fimbo. Hakuna mtu. Nikataka kusimama, mguu haupo. Unauona, ila haupo. Nikashika nyuma ya kifundo, pale penye mshipa pana shimo.

Mrisho akarudi mbio. Akachuchumaa, akanivuta mkono auweke shingoni mwake.

"Twende, nakubeba."

Na jozi ya pili tunaisikia juu, mawe yanaporomoka.

Nikamwambia mfuko. Akasema mfuko mavi, nakubeba. Nikaufungua mgongoni mwangu, nikamsukumia kifuani kwa nguvu zote.

"Mrisho, sheria ni sheria. Nenda. Mmoja wetu abaki."

Alikuwa analia. Akavaa mfuko, akakimbia, na hakugeuka.

Wanawake waliokuwa wanashuka na mizigo ya maharage ndio walionikuta. Wakaita waume zao, nikabebwa mpaka bomani kwenye blanketi lililofungwa mtini.

Mrisho alifika, akabakizwa. Alikuja kunitazama mara nyingi, simlaumu kwa lolote.

Mimi shaushi alinitazama mguu akauliza, huyu wa nini tena? Hata reli hawakunitaka. Mnaona? Nilichokuwa nakikimbia sikupelekwa. Kwa muda nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikadhani nimeponea hapo.

Shemeji zangu wakanipandisha Mbete kwa machela. Nikakaa juu. Mguu uliponyamaza kuuma, haukuwa na nguvu ya kusukuma. Kwenye tambarare ungeweza kuuburuta. Kwenye mlima huwezi kitu. Sishuki mtoni, silimi shamba la mteremko, hata kwenda chooni nashikwa mkono. Mwanaidi akajifungua mtoto wa kike, na wiki zilezile akarudi shambani maana hakuna wa kumsaidia. Mjomba alikuja, akakaa mlangoni muda mrefu akiutazama mguu, kisha akaondoka.

Shemeji hawakunifukuza, ni waungwana. Lakini mume kwetu anakaa kwenye ardhi ya mke ili ailime. Mimi nilikuwa naila tu.

Mwishowe nikasema nishushwe mjini. Nikapata kibanda karibu na stesheni, nikajifunza kusuka mikeka. Mwanaidi akawa anashuka na mtoto kila siku ya soko. Kisha mara mojamoja. Siku moja akakaa kwenye mkeka wangu, akasema:

"Baba, mimi mashamba yangu yako juu. Wewe huwezi kupanda. Tunafanyaje?"

Tulilia wote wawili. Talaka yetu haikuwa na ugomvi hata mmoja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningepumua.

Aliolewa na mtu wa hukohuko, mwenye miguu yake.

Binti yangu alikuwa anaupita mlango wangu akija sokoni. Ananiamkia vizuri, shikamoo baba, anainama kidogo, kama anavyowaamkia wazee wote wa mtaani. Siku moja, ameshakuwa msichana mkubwa, akaniuliza mbona hujawahi kupanda kwetu hata siku moja. Nikamwambia mguu. Akautazama mguu, akanitazama mimi, akasema:

"Si upande taratibu, baba? Mlima unanyoosha."

Kafundishwa na ukoo wake, kama mimi nilivyofundishwa. Nikamwambia haya, nitapanda.

Sikupanda.

Basi wakuu, funzo langu ni fupi. Mguu ukilainika katikati ya mbio haujapona. Unaouma asubuhi ndio mguu wako wa kweli, usikilize huo, hata kama anayekwambia kinyume ni mtu anayekupenda.

Karibuni kwa maoni. Hata matusi nitayasoma, muda ninao.

Ila nina ombi moja kwa wale mliopata injury hii mkatibiwa. Mrisho alisema nilale ndani, Mwanaidi alisema mpaka mwezi uandame. Naombeni mniambie ukweli, msinionee huruma: ningelala, mshipa ungepona?