Nilivyompima rubani masikio kwenye mashine ya mpunga ya Konde

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani. Haya yamenitokea mwenyewe. Ningekuwa natunga, hakika ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyoipata.

Kwanza mnijue. Ni mtu wa makamo, Mpemba wa Konde, nimepita chuo kikuu, naandika makala ambazo mke wangu huzisoma akiwa hana la kufanya. Kuhusu ndege najua kupanda tu, tena ikianza kukimbia nafumba macho.

Dada yangu Bi Rukia ana binti anaitwa Salma. Salma ni rubani wa ndege ndogo, anaruka kati ya Pemba na Unguja. Hapa Konde ikipita ndege yoyote, hata ile kubwa ya mbali huko juu, watu wanapunga mkono: "Salma yule!"

Sasa tatizo.

Salma anavaa ushungi. Headset ya kawaida ya rubani ina mabakuli mawili yanayofunika masikio. Ukiivaa juu ya kitambaa, kunjo moja tu linatosha kuacha mwanya, na ngurumo ya injini yote inapita hapo hapo. Ukiivaa chini ya ushungi, pini zinachoma na kichwa kinauma kabla hamjafika hata nusu ya safari.

Matokeo yake, mnara wa kuongozea ndege ukimpa maelekezo, yeye anajibu "Say again", yaani rudia. Mara moja si neno. Mara tatu katika safari moja, wenzake wakampa jina. Bibi Say Again.

Rubani mkuu wao akamwita. Hakumgombeza. Alimwambia, "Binti, mikono yako sina shaka nayo, masikio ndiyo yananitia hofu. Jumatatu naruka na wewe. Ukiendelea kuomba kurudiwa, utakaa ofisini mpaka upate kifaa kinachokufaa."

Ofisini! Mtoto aliyesomea kuruka akae anapanga karatasi za mizigo.

Alhamisi akaja nyumbani kwangu pamoja na mama yake, kashika boksi dogo, aliloletewa na rubani mwenzake aliyesafiri. Ndani mna headset ya kuingiza sikioni. Haina mabakuli. Ina vijiplagi viwili, kijiti cha maiki kinachokuja mbele ya mdomo, na mfuko wa ncha za kubadilisha: za sponji na za silikoni, kubwa, za kati na ndogo. (Mimi nilikuwa nimeshapendekeza atumie earphone zangu za kusikilizia taarabu.)

"Mjomba, nisaidie kuchagua saizi."

Hilo ndilo kosa pekee alilofanya Salma katika uzi huu. Mengine yote ni yangu.

Nikachukua ncha kubwa. Hoja yangu: ukoo wetu una masikio makubwa, marehemu babu alikuwa akitambulika kwa masikio kabla hujaiona sura. Nikasahau kwamba sikio la nje ni baraza, na baraza kubwa haimaanishi mlango mpana. Sponji likagoma kuingia.

Nikashauri mafuta ya nazi.

Wakuu, msithubutu. Sponji linashika kwa sababu ni kavu. Likipata mafuta linageuka sabuni. Salma alitikisa kichwa mara moja, likachupa likaangukia kwenye bakuli la mchuzi wa pweza.

Bi Rukia akalitoa kwa kijiko. "Kaka, hebu nikumbushe, chuo kikuu ulisomea nini?"

Hapo ndipo tukasoma karatasi ya maelezo, ambayo ilikuwa juu kabisa ndani ya boksi. Ni hivi. Livingirishe sponji kwa vidole mpaka liwe jembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Ingiza, kisha shikilia mpaka livimbe lenyewe. Ukiona sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kama unaongea ndani ya mtungi, limekaa.

Tukagundua na jengine. Salma alikuwa anavaa ushungi kwanza, kisha anapenyeza vidole chini yake akibahatisha. Kumbe vijiplagi vitangulie, ushungi ufuate, waya ushukie shingoni nyuma. Hata pini zikapungua.

Tatizo, nyumbani kimya. Kwenye kimya kila headset ni nzuri. Nikasema twende kwa Hamadi.

Hamadi ana mashine ya kukoboa mpunga. Ikiwaka, watu wa hapo wanaongea kwa nyusi. Mpango ulikuwa huu: Salma asimame karibu na mashine, headset ikiwa imeungwa na simu yake kwa bluetooth. Mimi nikae barazani pa duka la ng'ambo ya barabara, nimpigie, niwe mnara. Nasoma tarakimu kwa Kiingereza, yeye anazirudia, kama warudiavyo marubani. Akikosea naweka alama ya X. Bi Rukia asimame na mwanawe, naye ana nakala ya karatasi ya tarakimu.

Hamadi akatuangalia. "Mwalimu, leo mnakoboa mpunga au mnakoboa masikio?"

Duru ya kwanza, sponji za kati. Nikahesabu X: sita katika kumi.

"Mjomba, lakini nasikia vizuri," Salma akasema simuni. "La kulia tu linabana kidogo."

"Karatasi inasema vyengine, mwanangu."

Akabadilisha, ndogo zote mbili. X saba. Silikoni za kati. Saba tena. Silikoni ndogo. Sita. Katikati ya kazi likapita gari la kampeni na spika zake, sitaji chama, mimi mnara nikashindwa hata kujisikia. Salma akarudia tarakimu bila kusita. Nikaweka X.

Mpaka hapo masikio ya mtoto yamekuwa mekundu. Hamadi akazima mashine kwa huruma. Nikavuka barabara na karatasi yangu kama daktari mwenye habari mbaya.

Salma akaziona zile X. Akakaa juu ya gunia la pumba, akaanza kuchomoa pini za ushungi moja moja. "Basi. Jumatatu wanipe tu funguo za kabati la ofisi."

Nami nilikuwa nimekwenda kumsaidia.

Bi Rukia akaninyang'anya karatasi. "Wapi kakosea? Mie nimesimama naye hapa, sikio langu mdomoni pake, natizama tarakimu, ntoto kasema zote sawasawa."

"Dada, hukusikia? Nasema *three*, anajibu *tree*. Nasema *five*, anajibu *fife*. Na hii *nine* kila mara ananambia *niner*. Kama masikio yanapokea hivyo, angani itakuwaje?"

Salma akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye gunia.

"Mjomba! Ndivyo tulivyofundishwa kusema! *Five* na *nine* redioni zinachanganyika, ndo maana tunazitamka vile makusudi!"

Tukapitia upya. Duru ya kwanza, kumi kwa kumi. Ya pili, kumi. Zote kumi, hata ile ya gari la kampeni. Rubani alikuwa amefaulu tangu mwanzo. Aliyefeli ni mwenye digrii ya Kiingereza, aliyekuwa akisahihisha matamshi barazani kwa mtu.

"Sasa umenijibu ulisomea nini," Bi Rukia akasema.

Mateso hayo hayakwenda bure kabisa. Kwa kubadilisha kote kule Salma alijua kinachomfaa: sponji ya kati kushoto, ndogo kulia. Masikio ya mtu mmoja si mapacha, wakuu. Na akajifunza kukisogeza kijiti cha maiki mpaka karibu kigusane na mdomo.

Jumatatu nikakaa na simu mkononi tangu asubuhi, makala haziandikiki. Karibu na adhuhuri akapiga, nyuma yake injini inaunguruma.

"Mjomba, nimepita!"

"Eti?"

"Nimepita! Na mnara ulisema jambo rubani mkuu hakulipata, akaniuliza mimi!"

"Eti nini? Sikusikii, mwanangu!"

Akacheka. "Lile jina langu, mjomba, nakuachia wewe."

Nililojifunza ni dogo: mwenye sikio ndiye anayejua kama kitu kimemkaa. Alinambia duru ya kwanza kwamba anasikia vizuri, nami nikaiamini karatasi niliyoiandika mwenyewe.

Marubani mliomo humu, na nyie mnaovaa ushungi, kilemba au miwani ya fremu nene, leteni uzoefu wenu, nitamfikishia Salma. Wenye kunikosoa nao karibuni, ila andikeni, msinipigie. Na mkifika Konde msiulize jina langu halisi. Kwa Hamadi sasa naitwa Mwalimu Tree.