Barua za Didi na Irabu za Jumamosi

Enzi zetu, wenzangu mliofika Hayes, pembeni mwa London, na masanduku ya bati na makoti ya kuazima, baridi ilikuwa baridi kwelikweli. Si hii ya leo, ambayo mtoto akihisi kijibaridi anabonyeza kidude ukutani na chumba kinakuwa kama Mombasa mwezi wa pili. Sisi tulilala na soksi, sweta mbili na kofia ya sufu aliyofuma mama, na asubuhi tukipiga mswaki maji yaliuma hadi kwenye mfupa. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa moja tu, nalo lilikaa jikoni, kwa hiyo nyumba nzima ilikaa jikoni. Harufu yake ilituganda nguoni, na shuleni watoto wa Kizungu walijua tumefika kabla hawajageuka kutuona.

Tulikuwa Wahindi wa Kachi kutoka Mombasa. Nyumbani tulisema Kikachi, na nje tulisema Kiswahili na kila mtu. Baba, aliyekuwa na duka lake la vitambaa, sasa alipanga trei za chakula cha abiria kule uwanja wa ndege. Akiandika barua kwa ndugu zake alisema yumo katika mambo ya usafiri wa anga. Mama alipika mbaazi kwa nazi ya pakiti, ile kavu ambayo Waingereza hunyunyizia keki. Aliiloweka, akaikamua kwa kitambaa, akaonja, akatikisa kichwa, kisha akatwambia, "Haya, leni. Fumbeni macho mtaiona Mombasa." Tulifumba, na wallahi kuna siku tuliiona. Leo wajukuu wangu wanaletewa chakula mlangoni kwa pikipiki, wakifungua kasha wanaulizana kama hakuna kingine.

Jumamosi mvua ilinyesha, kama ilivyonyesha Ijumaa, na mimi na mdogo wangu Salim tulicheza ndani. Tulicheza gololi chini ya meza, na mdako kwa vijiwe tulivyookota njia ya reli. Kombolela tuliicheza kwenye ngazi, mpaka mama akapiga kelele, "Nyamazani! Mwataka landiledi atutoe nyumbani kwake?" Mtoto wa leo mvua hata haioni. Ana kidude chake mkononi, na ukimwambia ahesabu mpaka kumi kisha amtafute mwenzake atakuuliza kwa nini asimpigie simu.

Chumba cha juu walipanga mume na mke kutoka Nepali. Mume tulimwita Anko Bahadur. Alikuwa mfupi, kifua kipana, aliwahi kuwa mpishi wa jeshi, na sasa alipika kule kule alikofanya kazi baba. Mkewe tulimwita Didi, yaani dada mkubwa, kama alivyotufundisha mwenyewe. Didi alikuwa na kicheko cha kulipuka ghafla, na mikono isiyotulia. Akishuka jikoni hakai kabla hajachukua kisu na kumenya viazi vya mama. Waliongea kwa Kihindi cha sinema, mama akitia Kiswahili pale kilipompungukia, na Didi akajibu "haya, haya" hata pale asipoelewa.

Kila baada ya wiki sita au saba ilikuja barua kutoka kwao milimani. Mama yake Didi hakujua kusoma wala kuandika, alimwambia mwalimu wa kijiji, na mwalimu akaandika. Didi naye hakujua. Basi Jumamosi Anko Bahadur alikaa karibu na jiko, akavaa miwani, akaisoma barua kwa sauti, nasi sote tukanyamaza kwa heshima kama tuko msikitini, ingawa hatukuelewa neno. Tulimtazama Didi usoni, tukacheka akicheka.

Mama ndiye aliyeanzisha masomo. Alikuwa na magazeti yake ya sinema za Kihindi, picha tele na maandishi asiyoweza kuyasoma, na alitaka kujua nani kamwoa nani. Akamwuliza Anko kama herufi zake ni zile zile. Anko akasema lugha ni mbali lakini herufi ni zile zile. "Basi nifundishie watoto hawa," mama akasema, "walau wapunguze kuvunja ngazi."

Anko alitandika karatasi ya kufungia nyama mezani, akachora mstari, na chini ya mstari akaning'iniza herufi moja moja, kama samaki wa ng'onda kwenye kamba. Alianza na irabu. Alisema, "A," tukaitikia, "A." Akasema, "Aa," tukaitikia, "Aa." Halafu i fupi na i ndefu, u fupi na u ndefu, e, ai, o, au, na mwishoni moja ya kupitia puani na moja ya kupumulia, ambayo Salim aliipenda kwa sababu ilimpa ruhusa ya kumpumulia mtu usoni. Mimi nilimwuliza Anko mbona i fupi na i ndefu anazitamka sawasawa. Akafikiri, akasema, "Mdomoni ni sawa. Tofauti yake ni kwamba ukikosea kuandika, mwalimu anakuchapa." Na ile i fupi ina maajabu yake. Ikishikana na herufi huandikwa mbele yake, lakini husomwa baada yake, kama mgeni anayetangulia mlangoni kabla ya mwenye nyumba.

Anko alishangaa jinsi nilivyoshika upesi. Hakujua kwamba mimi ni mtoto wa chuoni. Mombasa nilikaa mkekani miaka mitatu nikiyumba mbele na nyuma, be fataha ba, be kasira bi, be dhuma bu, huku Maalim akipitisha bakora juu ya vichwa vyetu. Nilisoma juzuu baada ya juzuu bila kujua maana ya neno, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo Anko aliposema ka, kaa, ki, kii, ku, kuu, mimi nilianza kuyumba, na nikasoma. Kufikia masika nilisoma kila karatasi aliyoniwekea, sielewi kitu, na sikosi kitu. Salim alibaki kwenye kupumua. Mama hakuwahi kujua nani kamwoa nani, maana kusoma nilisoma, na maneno yenyewe yalikuwa yale magumu ya waandishi wa Bombay.

Wakati wote huo Didi alikaa pembeni na viazi vyake. Anko alimwita mara moja mbili, akakataa akisema kichwa chake kimeshakuwa jiwe.

Jumapili moja mchana, Anko yuko kazini na mama kalala, Didi alinivuta mkono mpaka juu. Alifungua mkebe wa biskuti, akatoa barua ya mwisho, ile aliyoisoma Anko wiki iliyopita, akanishikisha. Aliniambia kwa kile Kihindi chetu, polepole ili nishike, "Mtu anayesoma hutazama karatasi. Mume wangu akifika katikati anakohoa, anatazama dari. Kisha mama yangu anaanza kusema maneno ambayo mama yangu hajapata kuyasema tangu kuzaliwa kwangu. Eti ananiota kila alfajiri. Eti mimi ndiye ua la nyumba yake." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Nadhani mama amekufa. Nadhani kaka yangu ndiye anayeandikisha barua, na huyu ananificha."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilitamani kumkimbilia mama, lakini Didi alikuwa amekaa mlangoni. Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa kuyumba, kwa sauti ya chuoni, irabu ndefu nikizivuta na fupi nikizikata, na nilipokosea Didi alifumba macho akalirudia neno taratibu mpaka likamkalia. Macho yangu yalikuwa na herufi na masikio yake yalikuwa na maana, na kati yetu sisi wawili tukapata msomaji mmoja mzima.

Nilipofika katikati nilimwona anakunja uso. "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Nilijua nimemsomea msiba, nikaanza kulia. Didi akafumbua macho, akanitazama, na kile kicheko chake kikalipuka, akacheka mpaka akalala juu ya kitanda, machozi yakimtiririka, akanikumbatia nikacheka naye bila kujua tunacheka nini.

Alipotulia akanifasiria. Mama yake alikuwa hai. Barua nzima ilikuwa ya kwake, kavu kama alivyo mwenyewe. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, hasara. Paa linavuja upande wa mashariki. Jirani yule yule bado mwizi wa kuni. Mletee mjomba wako dawa ya magoti. Mwisho wa barua. Hapakuwa na ndoto, hapakuwa na ua. Maneno yote matamu, tangu barua ya kwanza, Anko Bahadur aliyatoa darini mwenyewe, kwa kuona mkewe anangoja na karatasi imekwisha.

Nilimwuliza kama atamgombeza. Akasema, "Nimgombeze kwa lipi?" Lakini Didi naye alikuwa na utundu wake. Barua iliyofuata, Anko alipokohoa na kutazama juu na kusema mama anasema mwezi ukiandama huuona uso wako, Didi akaacha kisu, akasema kwa upole, "Nisomee tena hapo." Maskini Anko. Maneno aliyotoa hewani angeyapata wapi tena? Akageuza karatasi, akafuta miwani, akasema mara hii kwamba ni jua, si mwezi. Didi akamwomba mara ya tatu. Mimi niliingia chini ya meza nikauma kola ya sweta.

Ila nilimjua Didi sasa, na kicheko kilipoisha nilimwona anavyoikunja ile barua. Alikuwa amepata habari za nyati, na bado hakujua kama mama yake anamkumbuka. Hilo mume wake asingeweza kumpa, hata akitazama dari mwaka mzima.

Anko ndiye aliyeandika majibu, kwenye zile karatasi za bluu za kukunja, na Didi ndiye aliyezibandika na kuzipeleka posta. Safari hiyo kabla hajaibandika aliniita tena. Palikuwa na nafasi ya mstari mmoja chini. Alinitamkia, nikaandika kwa penseli, irabu kwa irabu, tukigombana kama i hii ni fupi au ndefu. Kisha akachukua kalamu ya wino, akapita juu ya penseli yangu, ulimi nje, herufi moja dakika nzima. Mstari uliuliza hivi: Ama, yaani mama, je, huwa waniota?

Tukangoja. Wiki ya sita, hakuna. Ya saba, hakuna. Didi alimenya viazi vikabaki vyembamba, hadi mama akamnyang'anya kisu. Kila asubuhi kifuniko cha tundu la barua mlangoni kilipolia nilishuka ngazi tatu tatu nikakuta bili ya umeme. Barua ilikuja wiki ya tisa, siku ya Jumamosi, na Anko aliiwahi mlangoni kabla yetu.

Alikaa karibu na jiko. Nyati, sawa. Paa, sawa. Mjomba na magoti. Nilimtazama Didi, naye alitazama meza. Anko akafika chini, akaisogeza karatasi karibu na miwani. Hakukohoa, wala hakutazama dari. Alisoma kimya kwanza, midomo ikicheza, kisha akasoma kwa sauti, neno moja moja, na Didi akaniambia baadaye maana yake. Mama yake alisema: Umeniuliza habari za ndoto. Ndoto sioti. Nikikukumbuka usingizi hauji, sasa nitaota saa ngapi?

Mama aliyekuwa anakaanga bajia aligeuka. Didi alijifunika uso kwa ushungi. Anko alivua miwani, akaitazama ile barua, akamtazama mkewe, akanitazama mimi na wino uliokuwa kwenye kidole changu cha shahada, maana nilikuwa mtoto wa kushika kalamu kutwa. Nilingoja kofi. Badala yake alivuta karatasi ya nyama, akachora mstari, akasogeza kiti kwenye meza, akampigapiga Didi begani mpaka akakikalia. Akasema, "A." Tukaitikia sote, na sauti ya Didi ilikuwa juu kuliko ya Salim.

Siku hizi mjukuu wangu anaonana na mashangazi wa Mombasa kwenye simu saa yoyote atakayo, uso kwa uso, na mimi nyuso za kwetu sikuziona miaka kumi na moja. Simwonei kijicho, namshukuru Mungu. Lakini kabla chai yangu haijapoa keshasema, "Love you, bye," na nikimwuliza shangazi kasemaje hunitazama kwa mshangao, akajibu, "Nothing, Nani," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. Pengine ni kweli hakusema kitu, kwa kuwa kesho wataonana tena. Sisi tulingoja wiki tisa kupata sentensi moja ya mama wa watu, kwa lugha isiyo yetu, nami nimeihifadhi mpaka leo.