Hina Siku ya Mchujo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini dhuluma naijua nikiiona, hata ikija imevaa shati jeupe na tai.

Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha pili hapa Bagamoyo. Shuleni kwao, mbali na mdahalo na netiboli, wana timu ya gemu: wanacheza mpira ndani ya kompyuta na kushindana na shule nyingine. Nilipoambiwa nilicheka. Kisha nikaenda kumtazama. Wavulana walikuwa wanamjia mmoja mmoja, anawafunga, na kila anayetoka anasingizia padi, kile kidude cha kubonyeza, eti inakwama. Siku ile nikaacha kucheka.

Ijumaa moja ulikuwa mchujo wa watakaokwenda kushindana Dar. Jumamosi yake, harusi ya binti yangu wa mwisho. Asubuhi nilikwenda Mlingotini kutafuta samaki wa shughuli. Kurudi, namkuta mtoto kakaa mkekani, mikono yote miwili imepakwa hina na kufungwa vitambaa kama aliyeungua moto. Machozi yanamtiririka, na hata kuyafuta hawezi.

Mashangazi zake wanakata vitunguu, wanacheka.

"Mama, tumemfunga makusudi," akasema mkubwa wao. "Angetoroka kwenda kwenye gemu lake. Nazi nani akune?"

"Kaka zake wako wapi?"

"Wamekwenda mpirani."

"Mpirani! Wao hawana mikono?"

"Aa, mama nawe. Wale wanaume."

Vile vitambaa nilivifungua mwenyewe. Nikamwosha, hina haijakolea, vidole vimekuwa rangi ya papai. Tukapanda bodaboda mpaka shuleni.

"Shikamoo, bibi," akasema mwalimu wao wa gemu.

"Marahaba. Mchezaji wako huyu hapa."

"Bibi, mchujo umekwisha. Nafasi nimempa mwenzake. Watoto wa kike, unajua tena, leo harusi, kesho arobaini. Dar nakwenda na mtu wa uhakika."

"Huyo wa uhakika, kwao hawafi wala hawaoi?"

Wanafunzi wakaguna. Nikasema aitwe, wacheze mbele yangu. Wakacheza. Mjukuu wangu akamfunga matatu kwa moja, hina inatia madoa padi ya watu.

"Bi harusi kakufunga!" wenzake wakampigia kelele yule kijana.

Mwalimu akatazama saa yake. "Anajua, sikatai. Lakini majina nimekwisha kuyatuma."

Kayatuma yeye, simu anayo mfukoni, na ananiambia kana kwamba yameandikwa mbinguni! Mtoto akaweka padi chini taratibu, akanambia, "Bibi, twende." Wakaenda Dar bila yeye.

Mwalimu yule simwezi, shule si yangu. Lakini maneno ya kumnyima mtoto nafasi aliyaokota mlangoni kwangu, na nyumba ni yangu.

Tuliporudi, wajukuu wa kiume walikuwa wamekwisha kutoka mpirani, miguu wameinyoosha, wanauliza chai. Samaki wangu bado wako kwenye ndoo. Nikasimama katikati ya ukumbi.

"Mbuzi za nazi zile pale. Nyinyi wanaume, kaeni mkune. Na mtoto huyu, siku ya mchujo asipakwe hina, asitumwe, asifungwe mikono, hata kama anayeolewa ni mimi."