Ungo wa Bibi

Juzi shemeji alimshusha binti yangu kwenye baiskeli, eti msichana haendeshi. Nilimfokea shemeji mpaka akaondoka. Ndipo nikakumbuka mteremko wa njia ya zamani ya misafara, nje ya Ng'ambo, mtaa wa utoto wangu.

"Msichana akipanda baiskeli atavunja ungo," Bibi alinionya. Leo najua alimaanisha nini; wakati ule nilidhani ni ungo wake wa kupepetea mchele. Baba alipokwenda mkutano wa ujamaa, niliiba baiskeli yake, nikapenyeza mguu ndani ya fremu, nikajiachia. Kengele ililia yenyewe, vumbi likanuka mvua.

"Shika breki, we mwehu!" dada alipiga kelele.

Breki hazikuwepo. Nilitua kichakani nikicheka, kisha nikakimbilia jikoni. Ungo ulikuwa mzima.

"Bibi mwongo!" nikasema, nikarudi kuteremka tena.