Wimbo wa Krismasi wa Mjomba

Arua mjini, Krismasi bila ule wimbo ni Jumapili tu yenye nyama. Redio zinaupiga, baa zinaupiga, na mahubiri yakirefuka vijana hapo nje wanaanza kuupigia mluzi. Mtunzi wake ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyepiga gitaa katika bendi kabla ya kurudi Lobule kulima muhogo. Habari hiyo sijawahi kumnyima mtu.

Krismasi iliyopita mjomba alitoka Lobule kuja kula nasi hapa mtaani kwetu Awindiri. Nyumba ilijaa majirani. Mimi na mdomo wangu usio na breki, nikapunguza sauti ya redio, nikamwomba awasimulie wageni alivyoutunga.

Mjomba akamtazama mama. Mama akainamia sahani yake.

"Haikuwa yangu," mjomba akasema. "Ile wimbo iko ya mama yako. Ilikuwa ya msiba."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mjomba hakucheka. Akaeleza kwamba walipokuwa wakikimbilia Kongo wakati wa vita, kabla sijazaliwa, mama alikuwa na mtoto mchanga wa kike mgongoni. Homa ikamuua njiani. Wakamzika upesi kando ya njia, bila ngoma. Na kwetu marehemu huchezewa ngoma. Asiyechezewa ni kama hajazikwa. Mama akamtungia mwanawe wimbo, akawa anauimba peke yake kambini. Walipokwisha kurudi nyumbani, mjomba akauchukua, akabadilisha maneno, akaweka Krismasi. Nani angecheza msiba baani?

Maisha yangu yote naitwa kifungua mimba, kumbe nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Tena tangu utotoni nimekuwa nikiuchezea wimbo huo, nakata kiuno na kupiga vigelegele, mbele ya mama yangu mzazi. Niliona aibu. Na hasira pia nilikuwa nayo, sikujua ya nani.

"Mama," nikasema, "miaka yote hii, kwa nini hukunikataza?"

Mama akanawa mikono taratibu, akajifuta kwa kitenge chake.

"Kama nilikuambia, ungeacha kucheza," akasema. "Sasa dada yako, nani angechezea yeye?"