Mkono Mdomoni mwa Jiwe

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, hapa hapa Brussels, siku niliyoingiza mkono mdomoni mwa jiwe nikamuua mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Jiwe lilikaa sakafuni dukani kwa tonton Ramesh, mjomba wa heshima tu, Mhindi aliyeuza mchele na mihogo katika barabara ya Chaussée de Wavre. Lilikuwa uso wa simba, macho yamemtoka, meno nje, na chini ya taya hakuna kiwiliwili. Babu yake tonton, mchonga mawe, aliuiga kutoka ule wa mlangoni pa hekalu la kale kwao. Koko, mama yake mama, Mkatoliki wa Bukavu asiyekosa misa, alinionya kila Jumamosi: "We mutoto, usitie mukono mule! Kitu ya kuchongwa ikionja muntu, inakula wa kwabo."

Nikautia. Nilitaka tu kujua kama ulimi ni baridi. Jumatatu mama akaanguka kazini, akalazwa hospitali kule Jette bila fahamu.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamwambia koko yote, kamasi zikinichuruzika. Hakunipiga. Alivaa koti, akanikokota mpaka dukani, akamuuliza tonton Ramesh jitu hili linakula nini.

Tonton alicheka kidogo. Alisema katika hadithi za kwao jitu hilo liliumbwa likiwa na njaa ya kumla mtu mmoja. Mtu yule akahurumiwa, nalo likaamriwa lijile lenyewe: mkia, miguu, tumbo, ukabaki uso. "Donc sasa linalinda mlango, maman. Halili mtu."

Koko hata hakumsikia. Alipiga magoti kati ya magunia, rozari shingoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Bon. Kula miye. Achilia mutoto yangu."

Wateja waligeuka kumtazama. Mimi niliona aibu, Mungu anisamehe.

Mama alifariki Ijumaa ile.

Baada ya mazishi sikuweza kula. Koko alinishika mkono, ule ule. "Wewe ulicheza tu. Mwenye alipigia jiwe magoti ni miye, zambi ni yangu. Kama ilikula, ilikula kwa mukono yangu. Umesikia? Alors, kula."

Nikala. Leo nimempita mama umri, na ndipo ninapoona koko alivyojimaliza ili mimi nipone. Tangu siku ile ya dukani hakupokea tena komunyo. Kila Jumapili wengine walipopanga mstari, yeye alibaki kwenye benchi, nami miaka yote nilidhani magoti yanamuuma.